Milango Mitatu na Dakika Nne

Fundi hakuketi kwenye kiti chochote kabla ya kukigeuza miguu juu. Ulimkaribisha kwako, chai iko mezani, maandazi yanapoa, naye ameinama anachungulia maungio ya kiti chako. Akiona gundi imelegea hasemi neno. Jumamosi inayofuata anakuja na mfuko wake wa turubai, anakikaza, anaondoka. Mama Mchungaji, aliyetunza funguo za ukumbi wa kanisa tuliokuwa tukikutania kule Aston, mjini Birmingham, aliwahi kumwambia, "Fundi, hicho kiti wamekalia maaskofu." Fundi akakirudisha chini taratibu. "Basi maaskofu wako na bahati, Mama Mchungaji. Hii mguu imeoza."

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo waulize wengine. Mimi nilimjua miaka kumi hivi, na katika miaka hiyo sikumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Wahindi wenzake waliotoka Nairobi na Kampala walimwita Fundi. Sisi manesi kutoka Kenya tulimwita Fundi. Hata Waingereza wa kiwandani kwake, ambao hawakujua neno lina maana gani, walimwita Fundi wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi. Alikuwa Singasinga mrefu, kilemba hakina kunyanzi hata moja, ndevu zina vumbi la mbao siku zote, na Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, kinachokwenda moja kwa moja kwenye kazi.

Watu wakizungumza siku hizi juu ya michezo ya kuigiza iliyochezwa Uingereza kwa ajili ya kulipinga bomu la nyuklia, huwataja vijana wa vyuo vikuu na waandishi wa magazetini. Hakuna anayetutaja sisi. Basi nijitaje mwenyewe: nilikuwamo, tulicheza kwa Kiswahili, na aliyetuongoza alikuwa seremala. Ninalisema hili kifua mbele na sitaomba radhi.

Nilifika Birmingham mwishoni mwa miaka ya sitini kujifunza unesi, msichana wa Murang'a mwenye koti jembamba lisilofaa kwa nchi ile. Niliwakuta Waingereza wameshaizoea hofu yao. Walinieleza bila hata kupandisha sauti kwamba makombora ya Warusi yakirushwa, king'ora kitalia, na tangu hapo mtu atakuwa na dakika nne. Mgonjwa mmoja wodini, mzee wa watu, aliniambia dakika nne zinamtosha kuchemsha yai, ila kulila ndiyo hajui. Wodi nzima ikacheka. Mimi sikulala vizuri wiki ile.

Fundi alikuwa amefika muda mfupi kabla yangu. Katika nyumba aliyopanga, ndani ya mtoto wa meza jikoni, alikuta kijitabu cha zamani cha serikali kilichoachwa na wapangaji waliotangulia. Kilieleza namna ya kujikinga na mnunurisho, ile sumu isiyoonekana ya bomu la nyuklia: ng'oa milango ya nyumba yako kwenye bawaba, iegemeze kwenye ukuta wa ndani, ijazie mifuko ya udongo, ingia chini yake na familia, kaeni humo siku kumi na nne. Watu wengine walikisoma wakaogopa, wengine wakacheka. Fundi alikisoma kwa jicho la seremala, na akakasirika.

"Wameandika egemeza," aliniambia siku ya kwanza tuliyozungumza, akinionyesha ukurasa. "Egemeza kwa nyuzi ngapi? Mlango ya mbao gani? Dada nesi, huyu mtu aliandika hii hajawahi kubeba mlango maisha yake yote."

Akaenda kuupima ukweli wa kile kijitabu. Aling'oa milango mitatu ya nyumbani kwake akijipimia muda kwa saa ya mezani, na mkewe alinihakikishia kwamba familia iliishi siku tatu bila mlango wa bafu kwa sababu Fundi alikuwa bado anabadili pembe. Kutoka kwenye jaribio lile ndipo ukazaliwa mchezo wetu. Hakuuandika. Alituita ukumbini Jumamosi moja mchana, akatuwekea milango mitatu aliyoiokota kwenye nyumba zilizokuwa zikibomolewa Aston, mmoja wa buluu, mmoja wa kijani, mmoja wa kahawia, akatundika saa kubwa ukutani, akasema, "Familia ya watu wanne. Dakika nne. Anzeni."

Tulianza kupiga mayowe na kushika vichwa, maana huko ndiko tulikodhani kuwa ni kuigiza. Akatusimamisha.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Fundi, lakini bomu linakuja."

"Bomu si kazi yako. Bomu atakuja mwenyewe. Kazi yako ni mlango. Usi-act. Jenga."

Usi-act, jenga. Tuliyasikia maneno hayo mpaka tukayaota. Hakutaka moshi, hakutaka ngoma ya kuigiza mlipuko, hakutaka mtu ajipake unga usoni. Alitaka tubebe milango halisi, yenye uzito wake, na tuijenge kweli mbele ya watu huku saa ikienda. Kuna siku tulimaliza na sekunde kumi mkononi, na kuna siku dakika nne zilikwisha mlango wa kijani ukiwa bado unapepesuka na Mama Mchungaji, aliyeigiza mama wa nyumba, ameukumbatia asijue aupeleke wapi. Watazamaji waliona jasho la kweli na vidole vilivyobanwa kweli. Nilipoona watu wazima wamekamata magoti yao kwa wasiwasi wakitutazama, nilielewa kwamba huyu seremala anajua jambo ambalo wengine hawalijui.

Aliwahi kutupeleka Digbeth, kwenye bohari tupu ambalo wanafunzi walilikodi kuchezea mchezo wao juu ya bomu hilo hilo. Walijipaka rangi nyeupe, wakagaagaa sakafuni saa nzima wakilia, moshi ukatutoa machozi hata sisi tusiohuzunika. Tulipotoka nje nilimuuliza Fundi ameonaje.

"Wanakufa vizuri sana," akasema. "Lakini hakuna mtu alikuwa na kazi ya kufanya." Kisha akafikiri kidogo, kwa kuwa hakupenda kumsema mtu vibaya bila kumtafutia zuri. "Ngazi yao ni nzuri. Hiyo ngazi nani alitengeneza?"

Msidhani alikuwa mtakatifu. Aliwacheka Waingereza kwa hofu yao, lakini chini ya ngazi nyumbani kwake alikuwa na makopo ya maharage na madumu ya maji ya siku kumi na nne, vilevile kama kijitabu kilivyoagiza, na kila Jumapili asubuhi aliyamwaga maji na kuyajaza upya. Nilipomkamata akifanya hivyo alisema anajaribu madumu kama yanavuja. Kisha kulikuwa na kiwanda. Fundi huyu aliyetufanyia mchezo wa kulipinga bomu alikuwa siku za kazi akichonga kalibu za mbao, zile zinazotoa umbo la kitu kabla hakijamiminwa, kwenye kiwanda kilichotoa vipande vya shaba, na vingine, kila mtu alijua, vilikwenda jeshini. Mama Mchungaji hakuwa mtu wa kuficha neno. "Fundi, hivyo vipande ni vya nini?" Alijibu, "Sijauliza." Mama Mchungaji akasema, "Na mbona hukuuliza?" Fundi akachukua kiti cha karibu na kukigeuza.

Lakini ugomvi wake mkubwa ulikuwa na sisi watazamaji na waigizaji wa Kiswahili, na ulikuwa juu ya mwisho wa mchezo.

Mwisho aliuweka hivi. Familia imekwisha jenga, imejibana chini ya milango, kimya. Hapo ninaingia mimi, jirani, nimevaa koti langu lile jembamba. Mimi sina milango, sina mifuko ya udongo. Ninasimama mbele yao na kubisha hodi mara tatu. Hakuna anayejibu. Taa zinazimwa. Basi. Fundi alitaka kitu kimoja tu katika mchezo mzima: ile hodi ikae hewani bila jibu, mpaka watu waisikie. Alisema mchezo wote umejengwa kwa ajili ya kimya kile, na bila hicho sisi ni wachukuzi wa milango tu.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa. Manesi, wanafunzi, Wahindi wa Nairobi na familia zao, wote watu waliolelewa na hodi. Nikaingia, nikasema, "Hodi!" Na ukumbi mzima, kwa sauti moja, "Karibu!"

Mama mmoja wa nyuma akaongeza, "Ingia mwanangu, kuna baridi!"

Watu wakacheka, mchezo ukafa pale pale. Fundi alitoka nyuma ya pazia amewaka. "Mmeniharibia! Hii ni bomu, si harusi!"

"Sasa Fundi," akasema mzee mmoja bila hata kusimama, "mtu anapiga hodi, unataka tumtazame tu?"

Alijaribu kila njia. Aliwaomba watazamaji kabla ya mchezo, wakaahidi, na hodi ilipokuja midomo yao ikajibu kabla ya vichwa kukumbuka. Alibandika karatasi ukutani yenye maandishi makubwa: TAFADHALI MSIJIBU. Wakajibu. Aliniambia niache kusema hodi, nigonge tu mlango wa buluu kwa vidole, watu wakasema, "Nani? Ingia!" Waliofika kutoka Uganda, baada ya kufukuzwa na kunyang'anywa kila walichokuwa nacho, walikuwa wabaya zaidi, wao walijibu wakiwa wameshainuka kwenye viti. Miaka minne tulicheza mchezo ule, Aston, Alum Rock, na hata katika chumba cha kulia cha manesi, na Fundi hakupata kimya chake hata mara moja. Sisi tulikwishageuza jambo lile kuwa mzaha. Yeye hakucheka. Kila mara nilimwona amesimama kando ya jukwaa, mikono imeshika nguzo ya pazia, anasubiri.

Ndipo tukaalikwa kwenye shindano la vikundi vya ridhaa vya mjini, katika ukumbi mmoja wa Digbeth. Vikundi vyote vingine vilikuwa vya Waingereza. Fundi alinyoosha kilemba siku hiyo kama anayekwenda kumwoza binti. Waingereza hawajui hodi, kwa hiyo hawataijibu, na majaji walipewa karatasi yenye maelezo ya mchezo. Hatari pekee ilikuwa watu wetu, waliojaza mistari miwili ya nyuma. Fundi aliwafuata ukumbini akasimama mbele yao.

"Leo hapana karibu," alisema. "Naomba kama ndugu yenu. Mara moja tu."

Wakaketi wima, maana hawakuwahi kumsikia akiomba kwa sauti ile. Mchungaji, mumewe Mama Mchungaji, alitoa leso yake akaishika mdomoni, tayari.

Sijawahi kucheza na watu wakafanya kazi vile. Milango ilikwenda mahali pake kama yenyewe, mifuko ikapangwa, Mama Mchungaji akaingia wa mwisho sekunde nane kabla ya muda. Nikatoka. "Hodi!" Kimya. Niliisikia saa ikigonga. "Hodi!" Nilitazama mistari miwili ya nyuma, waliinamisha vichwa, mmoja ameziba masikio. "Hodi." Mara ya tatu sauti ilinikatika, na hiyo haikuwa ya kuigiza. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu mia mbili na hakuna aliyenitaka. Kwa mazoea ya unesi nikaanza kuhesabu. Nilifika arobaini na tano. Taa zilipaswa kuzimwa, hazikuzimwa, kwa sababu aliyepaswa kutoa ishara ya taa alikuwa Fundi.

"Karibu!"

Sauti ilitoka pembeni mwa jukwaa. "Karibu! Karibu ndani, mama!" Fundi akatoka hadharani, penseli sikioni, koti la kazi, akauinua mlango wa buluu kwa mikono miwili. Mifuko ya udongo ikaporomoka. Mama Mchungaji akachungulia kutoka chini, akasahau kabisa yuko wapi, akasema, "Fundi! Vipi tena?" Fundi alinishika mkono akaniingiza, akaingia na yeye, akaurudisha mlango juu yetu. Tulikuwa sita katika nafasi ya watu wanne na miguu yake ilibaki nje yote. Mistari miwili ya nyuma ikalipuka kwa vigelegele.

Tulikosa kombe. Jaji mkuu, mama mmoja mwenye kofia ya manyoya, alisema kwa upole kwamba mchezo ulikuwa wa kutisha na wa hali ya juu mpaka pale mfanyakazi wa jukwaani alipoingia kwa makosa. Ndani ya basi la kurudi Aston hakuna aliyemlaumu. Nilikaa karibu naye nikamuuliza, kwa nini, baada ya miaka minne, na alikuwa amekipata kimya chake?

"Nimesikia," alisema. "Inatosha." Akageukia dirishani.

Nimepata vyeti vyangu, nimevaa mkanda wa sista wa wodi, nimepeana mikono na wakubwa. Hakuna siku niliyotembea na kichwa juu kama siku ile tuliyoshindwa. Nilijivunia watu wangu ambao kwa miaka minne hawakuweza kumwacha mtu nje hata wa kuigiza, na nilimjivunia yeye zaidi ya wote. Nilidhani nimemwelewa.

Miaka michache baadaye, siku za mwisho za miaka ya sabini, aliletwa kwenye wodi yangu. Kifua chake kilikuwa kimejaa vumbi la maisha yake yote. Kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba kitanda changu kina gurudumu bovu. Mchana mmoja, saa ya wageni imekwisha na mkewe amekwenda kupanda basi, alinishika mkono.

"Sista. Wewe ni mtu wa Murang'a."

"Ndiyo, Fundi."

"Basi nakuambia wewe."

Akanieleza, kwa pumzi fupi fupi, juu ya mwenzake wa karakana Nairobi, Mkikuyu kama mimi, aliyefanya naye kazi meza moja. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakiwazoa Wakikuyu na kuwatia vizuizini. Jumamosi moja asubuhi malori ya askari yaliziba mtaa, na yule mwenzake akaja mlangoni kwa Fundi akabisha hodi. Mara tatu. Fundi alikuwa nyuma ya mlango, ameshika komeo kwa mikono miwili, mke na watoto nyuma yake. Hakujibu. Mwenzake akaondoka, na akakamatwa kwenye kona.

Niliuachia mkono wake. Baba yangu alichukuliwa nikiwa na miaka sita, na hatukuwahi kujua alibisha hodi kwenye milango mingapi siku ile. Nilikasirika, tena sana, nikiwa nimevaa sare na kofia yangu nyeupe. Nilikaza shuka lisilohitaji kukazwa.

"Alirudi?" nikauliza.

"Miaka mitatu. Akarudi kwa meza yetu, akanisalimia. Hakusema kitu. Mimi pia." Alipumzika. "Baada ya ile shindano ya Digbeth, nilimwandikia. Kila kitu. Nikamwambia na mchezo, na wewe unavyosimama na koti. Nilisema, nisamehe, ulikuja nikufiche na mimi sikufungua."

"Akajibu?"

"Alijibu. Alisema, Fundi, nani alikuambia nilitaka kujificha? Mimi nijifiche kwa Mhindi, mahali wangenipata kabla chai haijachemka? Alisema, nilijua leo nachukuliwa. Nilikuja kukurudishia randa yako. Niliiazima Alhamisi."

Nilivuta kiti nikakaa, jambo ambalo sista hafanyi akiwa zamu.

"Na ile randa," Fundi akaendelea, "nilikuta kwa ngazi ya mlango jioni hiyo. Nikapanguza, nikaingiza ndani. Nimefanya nayo kazi miaka yote, Nairobi, hapa, hata ile milango tatu. Sikujiuliza siku moja nani ameweka hapo."

Alifunga macho muda mrefu, nikadhani amelala. Kisha akayafungua na kunitazama kwa jicho lile alilotumia kututazamia ukumbini, la mtu anayetaka kazi irudiwe vizuri.

"Mkicheza tena, huyo jirani asije mikono tupu. Nilikosea hapo. Mpe kitu ashike."

"Kitu gani, Fundi?"

"Chochote," akasema. "Kitu aliazima kwa hao wako ndani."